Nusu Doti Kwenye Banio

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, usinilaumu mimi. Nitakukumbusha kwa kifupi tu, maana leo nina mengi ya kuungama.

Naitwa Mektrida, Mama Digna, wa Mwika kule juu mlimani kwenye baridi. Mwaka ule wa 1982 mume wangu Yakobo alivuka mpaka pale Holili kwenda nchi jirani kutafuta sabuni. Mpaka ulikuwa umefungwa, lakini Yakobo alisema umefungwa kwa magari, si kwa watu wenye miguu. Ikapita miezi saba. Sabuni sikuiona na Yakobo sikumwona.

Huyo Yakobo kila aliponikosea aliniletea isale. Kwa wasiojua, isale ni lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani. Kwetu mtu akikuletea jani hilo anaomba msamaha, na huwezi kulikataa. Ukishalipokea, kosa limezikwa na hulitaji tena mpaka unaingia kaburini. Mimi nimepokea majani ya Yakobo ya kuezekea zizi.

Basi nikabaki na kihamba changu, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ng'ombe mmoja na mabinti watatu. Mtoto wa kiume sina. Hilo shemeji yangu Sirili, mdogo wake Yakobo, hakuacha kunikumbusha hata siku moja.

Wiki iliyopita niliishia pale Mzee Damian, mwenyekiti wa mfongo, aliposimama mbele ya watu. Mfongo ni mfereji wetu wa maji, unaotoka mtoni kule mwanzo wa msitu na kushuka kihamba hadi kihamba. Alitangaza kwamba Jumamosi ni siku ya kuuzibua, na nyumba isiyoleta mwanamume itapoteza zamu yake ya maji.

"Na nyumba ya kaka yangu?" Sirili akauliza, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

"Zamu yake utaichukua wewe, mpaka apatikane mwanamume katika nyumba hiyo."

Ulezi wangu ulikuwa umefika magotini na mvua bado. Bila maji ungekauka wote ndani ya wiki mbili. Na Sirili akishaanza kupeleka maji shambani kwangu kwa mkono wake, mwaka wa pili angesema shamba ni lake, na mabinti zangu wangeambiwa waolewe haraka wapishe.

Ndipo nikasimama na kusema lile neno lililokuchekesha wiki iliyopita. "Mwanamume wa nyumba ya Yakobo ni mimi. Nitakuja na jembe langu."

Wanaume walicheka mpaka wengine wakaketi. Mimi nikarudi nyumbani kwa mwendo wa maringo.

Sasa niungame. Sikusema vile kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu Digna, binti yangu mkubwa, alikuwa ananitazama.

Mimi nililelewa na mama aliyeomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga. Nilipozaa binti wa kwanza nikaapa kwamba nyumbani kwangu hapatakuwa na mambo hayo. Nikatunga sheria moja tu: Mama haogopi kitu. Watoto wakiona mama haogopi, na wao hawataogopa.

Sheria nzuri, lakini mtunga sheria ni mwoga kupindukia. Radi ikipiga, naimba kwa sauti kubwa ili meno yasisikike yakigongana. Siku moja kiwavi aliniangukia shingoni mbele ya watoto wote watatu. Nikasema kwa upole, "Ngojeni nikamwangalie ng'ombe." Nikatembea polepole mpaka nyuma ya zizi, na huko nyuma ya zizi nilicheza ngoma ambayo haijapata kuchezwa mlima huu.

Digna alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Nilijua anaamini kila kitu. Sasa nimeshasema nitazibua mfongo, na sijawahi kuzibua hata mtaro wa zizini.

Nikaona dawa ni kwenda kujaribu kwanza kwa siri. Ijumaa ilikuwa siku ya soko, watu wote wameshuka. Nikavaa suruali ya Yakobo, koti lake la mvua, na kofia yake nikaivuta mpaka masikioni. Kanga yangu nikaifunga kiunoni ndani ya koti, maana bila kanga najisikia niko uchi hata nikiwa na suruali.

Njiani nikakutana na Bibi Theopista, mzee kuliko wote mtaani kwetu, anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikainamisha kofia. Adabu ikanishinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mektrida," akajibu, wala hakusimama.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu. Ilidumu kama dakika tatu.

Nikapanda mpaka kwenye banio. Banio ni pale mawe yalipopangwa mtoni ili maji yageuke yaingie kwenye mfongo. Mwanamke hakanyagi pale. Tangu enzi za mababu wazee wanasema mwanamke akilikanyaga banio, maji yatakimbia. Hakuna aliyewahi kuwauliza yanakimbilia wapi.

Nikasali kidogo, nikakanyaga. Sikupigwa na kitu. Nikasema moyoni, kumbe ni mawe tu. Na hapo kichwa kikaanza kuvimba.

Niliona jiwe moja bapa, nikalitoa ili nione limekaaje. Nia ilikuwa kujifunza. Maji yakaruka yakanipiga kifuani, na lile jiwe nililolitoa kwa mkono mmoja likakataa kurudi kwa mikono miwili.

Nikaziba kwa majani, yakaenda. Nikaziba kwa matope, yakaenda. Nikaziba kwa kofia ya Yakobo, nayo ikaenda mtoni ikizungukazunguka kama inaaga. Mwishowe nikafungua kanga kiunoni, nikaisokota vizuri, nikaishindilia kwenye tundu kama ninavyoziba pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Ikashika.

Halafu nikakaa chini nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, mtu mzima na suruali ya mume wake. Nilipomaliza nikanawa uso, nikashuka naimba.

Jumamosi asubuhi nikatoka na jembe begani. Kugeuka nyuma, namwona Digna na kijembe chake.

"Nani kakuita wewe?"

"Umesema nyumba yetu inakuja," Digna akasema. "Mimi si nyumba yetu?"

Ndiyo taabu ya kulea watoto wasioogopa, wanaanzia kwako.

Wanaume walikuwa wamejipanga kando ya mfongo, kila mtu na jembe lake. Nakumbuka mabuti ya Sirili yalikuwa yameshajaa matope mekundu mpaka juu, wakati ya wenzake bado masafi. Nikadhani labda kachapa kazi mapema, nikamwonea hata aibu kwa kumfikiria vibaya.

"Shikamoo, Mzee Damian," nikasema.

"Marahaba, Mama Digna. Rudi nyumbani."

"Nimekuja kazini, mzee."

"Kazi hii ina miiko yake, mwanangu. Rudi."

Nikamgeukia Ebenezeri, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu anayekipenda Chama kuliko anavyopenda chai. "Balozi, nieleweshe. Azimio linasema kila mtu mwenye nguvu afanye kazi, au nilisikia vibaya?"

Ebenezeri akakohoa. "Linasema."

"Linasema kila mwanamume?"

Akatazama miti, akamtazama Mzee Damian, akatazama viatu vyake. "Linasema kila mtu," akajibu kwa huzuni kubwa.

Wazee wakasogea pembeni kunong'onezana. Waliporudi uamuzi ulikuwa tayari. Nitafanya kazi huku chini, lakini kule juu kwenye banio nisithubutu kufika.

"Kule juu nitafuata nini mimi?" nikasema. Naomba Mungu anisamehe.

Tukachimba. Saa moja haijaisha viganja vyangu vikawa malengelenge matupu, lakini Digna pembeni yangu alikuwa anachimba na kuimba, nikaona bora nife kuliko kupumzika. Kila akinitazama nacheka. Kila akigeuka nayapulizia malengelenge yangu.

Kwenye saa nne hivi, yale maji machache yaliyokuwa yanapita katikati ya miguu yetu yakapungua. Yakawa uzi. Halafu yakakauka kabisa, tukabaki tunatazama matope.

Wanaume arobaini wakainua vichwa kwa pamoja, wakanitazama mimi.

"Sijagusa kitu," nikasema.

Mzee Damian akapanda juu na watu wanne. Wakakaa huko muda mrefu. Waliposhuka, mzee alikuwa ametanguliza fimbo mbele, na kwenye ncha ya fimbo kulikuwa na kanga inayochuruzika maji. Rangi ya chungwa, maua meusi.

"Banio limebomoka," akasema. "Lina pengo la kupita ndama."

Pengo la kupita ndama? Mimi nilitoa jiwe moja la ukubwa wa sahani. Nikafikiri labda hayo ndiyo maji kukimbia wanayosema wazee, yameona mwanamke yakatoka na mawe yote.

Nilijua nimekwisha. Lakini nilipowatazama wale wanaume, nikaona jambo la ajabu. Kila mmoja uso umemshuka. Ebenezeri alikuwa analamba midomo. Mwingine nyuma yangu akanong'ona, "Mbona hii kama ya kwangu nyumbani?"

Ndipo nikakumbuka, na nusura nicheke kwa sauti.

Mwaka ule kanga hazikuwepo. Duka la kijiji lilipata robota moja tu mwezi wa saba, la rangi moja na maua mamoja, na maandishi yamechapwa vibaya hata hayasomeki. Kila nyumba ilipanga foleni ikagawiwa doti moja. Jumapili kanisani ungedhani kina mama wote tumezaliwa tumbo moja. Kanga ile ilikuwa ya mke wa kila mwanamume aliyesimama pale.

"Mwenye kanga hii apatikane leo hii hii," Sirili akasema kwa ukali kuliko wote. "Doti ni vipande viwili. Kila mama alete doti yake hapa. Atakayekuja na kipande kimoja, ndiye aliyetuharibia maji."

Wanaume wakaona ni akili. Mzee Damian akasema saa tisa, pale mfongo unapogawanyika, kina mama wote.

Nilirudi nyumbani nikatoa kile kipande changu kilichobaki. Nikakikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Kipande kimoja hata ukikunje namna gani hakiwi viwili.

"Mama," Digna akasema kutoka mlangoni, "unaogopa?"

"Mimi? Niogope nini?"

"Mbona umevaa gauni nje ndani?"

Nikamwambia ndivyo linavyovaliwa siku za kazi.

Saa tisa tulikuwa pale wote. Wanaume upande mmoja, sisi upande mmoja, mfongo mkavu katikati. Bibi Theopista alikuwa amekaa juu ya jiwe anajipepea, akanikonyeza. Mpaka leo sijui lile konyezo lilikuwa la nini, wala mchana ule alipita nyumba ngapi.

Mzee Damian ni mtu wa haki. Akaanza na mke wake mwenyewe.

"Lukresia, njoo na doti."

Lukresia akaja na kipande kimoja.

Mzee akakigeuza kile kipande, akatazama nyuma yake kana kwamba kingine kimejificha huko. "Kingine kiko wapi?"

"Kingine kipi, baba?"

"Doti ni vipande viwili."

"Kumbe unajua," Lukresia akasema. "Kingine nilimpelekea mama yako alipougua. Wewe mwenyewe ulinisindikiza, tena ulikunywa mtori wake wote."

Kicheko cha kwanza kikatoka upande wetu, kidogo, kama mtu anayepiga chafya.

Mzee akaita nyumba ya pili. Kipande kimoja, kingine kimekatwa nepi. Nyumba ya tatu kipande kimoja, kingine ni mbeleko ya binti aliyejifungulia Njoro. Bibi Theopista kipande kimoja, kingine ni pazia. Wanaume wakaanza kutazamana. Mwanamume wa kwetu anaijua migomba yake mmoja mmoja kwa sura, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba doti haimalizi wiki mbili bila kugawanywa.

Ikaja zamu ya mke wa balozi. Kipande kimoja.

"Na kingine, mama?" Ebenezeri akauliza kwa sauti ya kubembeleza.

"Kingine si ndicho kitambaa chako cha meza, cha mikutano ya Chama? Jana umekiwekea chai."

Hapo hatukuweza tena. Tulicheka mpaka tukashikana, wanawake arobaini na watatu na vipande arobaini na vitatu. Hata wanaume wengine wakageuza nyuso kando, mabega yanatikisika. Ilipofika zamu yangu, Mzee Damian alikuwa ameshachoka.

"Na wewe kimoja?"

"Kimoja, mzee."

"Kaa."

Nikakaa. Nimepona. Nilisikia furaha ikinipanda kutoka kwenye nyayo, nikataka kumkumbatia kila mtu, hata Sirili aliyekuwa amenuna na kikopo chake cha ugoro mkononi.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Shikamooni, wazee."

Digna alikuwa amesimama katikati ya mfongo mkavu. Kijembe begani, kidevu juu.

"Mnamtafuta mwenye kanga," akasema. "Kanga ni ya mama yangu."

"Digna, kaa chini," nikasema.

"Mama, usione haya." Akawageukia wazee. "Mama yangu alipanda juu Ijumaa, peke yake. Alilikanyaga banio na akatoka mzima, hakupigwa na kitu. Hakuna mama mwingine aliyewahi kufika pale. Ninyi mnamtafuta kama mwizi, na mimi naona mngempa mkono. Nilikuwa nyuma ya mti, nilikaa pale mpaka jioni. Nimeona kila kitu."

Kikopo cha ugoro kikamwanguka Sirili. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Mzee Damian akanigeukia. "Mama Digna, mtoto anasema kweli?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mtoto ana homa, tangu jana anaweweseka. Maneno machache tu, na ulezi wangu unapata maji. Watu wangeniamini, walishachoka na walitaka kwenda nyumbani.

Lakini Digna alikuwa ananitazama na kutabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe kwamba nitasema nini. Nikiikana kanga, ninamfanya mwongo mbele ya kijiji kizima, na hatasimama tena mbele ya watu maisha yake yote. Nilimjua, maana mimi mwenyewe niliwahi kukaa chini namna hiyo utotoni, nikachukua miaka ishirini kuinuka.

"Ni kweli," nikasema. "Kanga ni yangu."

Vicheko vyote vikakatika. Sirili akaruka, "Mmesikia wenyewe. Zamu ni yangu."

"Subiri," Mzee Damian akasema. Akanong'ona na wazee wenzake, tena kwa muda mrefu. Halafu akatoa hukumu. "Jumatatu, mbele ya wanaume wote, Mama Digna atalijenga banio alilolibomoa. Maji yakifika kihamba cha mwisho kabla ya saa sita mchana, zamu inabaki kwake, na hatutauliza tena habari za mwanamume katika nyumba ile. Yasipofika, zamu ni ya Sirili."

"Atakanyaga tena banio?" mzee mmoja akauliza. "Maji si yatakimbia?"

"Yameshakimbia," Mzee Damian akasema. "Sasa atayakimbiza yapi?"

Na binti yangu, kabla sijafunga mdomo uliokuwa wazi, akatoa neno la mwisho. "Msiwe na wasiwasi, wazee. Mama anaijua kazi ile yote."

Msomaji, mimi najua kuziba pipa la mbege. Zaidi ya hapo sijui kitu.

Tukashika njia ya nyumbani. Wadogo zake Digna walitangulia, wanaruka na kuimba kwamba mama ni fundi wa mfongo. Mimi nikabaki nyuma na mkubwa.

"Digna, Ijumaa uliniona tangu mwanzo?"

"Tangu ulipomwamkia Bibi Theopista."

"Na kule juu uliona yote?"

"Yote."

"Hata..."

"Hata ulipolia. Ulilia sana, mama."

Nikasimama. Miaka kumi na mitatu ya kuimba wakati wa radi, yote bure. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikio.

"Basi umejua kwamba mama yako ni mwoga."

"Nilijua zamani," Digna akasema. "Radi ikipiga unaimba wimbo mmoja tu, tena unakosea maneno. Na siku ya kiwavi tulikuchungulia nyuma ya zizi."

"Wote watatu?"

"Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu."

"Sasa kama unajua hivyo, kule mbele ya watu ulikuwa unajivunia nini?"

Akanishangaa kama nimeuliza moja na moja ni ngapi. "Si ulikuwa unaogopa? Na ulipanda."

Nikajifanya kuna kitu kimeniingia jichoni. Nilikifuta na nusu doti yangu, kikarudi, nikakifuta tena. Nilimpenda mtoto yule pale njiani mpaka nikaogopa.

Tukatembea kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ile kanga uliishindilia vizuri. Ulipoondoka maji yalikuwa hayatoki hata tone."

"Unasema?"

"Ilishika kabisa. Nilikwenda kuigusa."

"Na banio lilibomokaje?"

Digna akatazama kama wadogo zake wako mbali. "Baba mdogo alikuja baada yako. Alikuwa na mtaimbo. Aling'oa jiwe moja moja, akabakiza machache yaliyolegea, halafu akaichukua kanga yako, akaitundika juu ya jiwe katikati ya maji, pale inapoonekana."

Nikakumbuka yale mabuti yenye matope mekundu. Nikakumbuka kile kikopo cha ugoro.

"Digna, kwa nini hukusema hayo mbele ya wazee?"

"Wangesema namsingizia ili nikuokoe. Tena ni baba mdogo. Nikaona mimi niseme ya kwako, ya kwake utayasema wewe."

Hapo, nakwambia kweli, nilicheka. Nilicheka peke yangu njiani kama mtu aliyekunywa mbege ya harusi. Kanga yangu ilishika. Sikuharibu maji ya mtu. Jumatatu nitasimama mbele ya wanaume wote, nitalitaja jina la Sirili kwa sauti ya radi yenyewe, na shamba langu hataligusa tena. Nikaanza kukimbia, Digna naye akakimbia, majembe yanagongana begani.

Tulipokata kona ya kihamba chetu nikasimama ghafla.

Sirili alikuwa kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Kofia ameivua. Wadogo zake Digna walikuwa wamesimama kando yake kimya, na yeye alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele. Juu ya viganja vyake kulikuwa na jani moja la isale, bichi, limetoka kukatwa.

"Shemeji," akasema, "nimekukosea. Kosa lenyewe silitaji, unalijua, na mtoto analijua. Nakuomba upokee."

Nikilipokea, kosa lake limezikwa pale pale. Jumatatu nitapanda kwenye banio na mzigo ule ni wangu peke yangu, na mdomo wangu umefungwa mpaka kaburini. Nikilikataa, sijapata kusikia mtu wa mlima huu aliyelikataa isale, na kina Damian watasema hicho ndicho kinachokuja mwanamke akikanyaga banio.

Sirili alijua hivyo vizuri.

Wadogo wawili walinitazama. Digna akashusha kijembe begani, akaja akasimama ubavuni kwangu, akangoja kuona mama yake atafanya nini.

Nikanyoosha mkono. Mpaka vidole vyangu vinaligusa lile jani, nilikuwa bado sijajua kama nalipokea au nalirudisha.